Nguzo Iliyotazama Nyuma

"Kiti ni changu, nampa ninayetaka!"

"Mpe! Mpe na mto wa kuegemea! Binti yake katuulia mwenzetu, na wewe unamtandikia."

"Sijamtandikia mtu. Nimempa kiti. Mzee wa watu leo siku ya pili amekaa kwenye ukingo wa barabara kama mzigo uliosahauliwa na lori."

"Leo kiti, kesho chai. Lakini kwenye vikombe vyangu hanywi, nakuapia."

"Vikombe vyako?" Mwanamume alicheka kicheko kikavu. "Mama, tusifike kwenye vikombe. Mimi na wewe tunajua vikombe mia mbili vilikuwa vinangoja nini asubuhi ile."

Mwanamke akafunga mdomo. Mwanamume naye akafunga wake, kama aliyeuma ulimi. Wote wawili walikuwa wamemwona Inspekta.

Alikuwa amesimama kando ya ua, amevaa nguo za kiraia na viatu vya kutembelea, mkoba begani, kama mama yeyote anayekuja kuhani. Miaka kumi na tisa ya kazi ilikuwa imemfunza kusimama hivyo.

"Endeleeni tu," alisema. "Mlikuwa mmefika kwenye vikombe."

"Maneno ya hasira hayo, afande," mwanamke akajibu upesi. "Karibu. Pole na jua."

"Nimeshapoa. Poleni nyie na msiba."

Huyu mtaa mzima ulimwita Mama Vikombe, kwa sababu alikodisha vyombo kwa kila shughuli iliyokuwa na wageni zaidi ya kumi, na alijua nani alivunja sahani kwenye harusi ya nani. Mwanamume ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Bwana Saa, aliyetengeneza saa kwenye kibaraza kilichotazama barabara. Ukitaka kujua jambo lilitokea lini, ulimuuliza yeye. Ukitaka kujua kwa nini lilitokea, ulimuuliza Mama Vikombe, na hapo ujipange kukaa.

Ng'ambo ya barabara, juu ya kiti cha mbao, aliketi mzee mmoja ameshika kofia mapajani. Ndiye baba wa muuguzi aliyekuwa mahabusu. Alikuja jana kutoa pole kwa mjane, majirani wakamzuia getini. Hakubishana. Alivuka barabara, akakaa.

Inspekta alifungua daftari. Ijumaa iliyopita, saa moja na robo asubuhi, gari dogo lilimgonga Fundi Spoku, mtengeneza baiskeli wa mtaa, akafa palepale. Dereva alikuwa muuguzi anayerudi nyumbani baada ya zamu ya usiku. Mkuu wa kituo alishaamua: "Kasinzia. Andika kasinzia, faili liwe mezani kwangu Jumanne saa tisa alasiri." Leo ilikuwa Jumanne. Saa nne na dakika tano. Faili likifika mezani na neno hilo, binti atasomewa shtaka la kuua kwa uzembe, na hata akiponea jela, kazi ya kushika sindano hataipata tena.

Muuguzi mwenyewe alisema jambo moja tu, na alilirudia mara tano bila kubadilisha: "Alitoka ghafla kwenye mwanya wa kivuko, akitokea njia ya baiskeli. Sijui alikuwa anakwepa nini."

Mashahidi kumi na mmoja wa mtaa walisema hakuwa na cha kukwepa. Na hilo ndilo lililomleta Inspekta hapa kwa mara ya tatu. Kumi na mmoja wote walitumia maneno yaleyale: "Njia ilikuwa nyeupe." Mtaa huu, ambao ulishindwa kukubaliana jogoo anayewaamsha alfajiri ni wa nani, ungekubalianaje neno kwa neno kuhusu barabara?

"Bwana Saa," alisema, "Ijumaa mvua ilianza saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na dakika arobaini. Ikakatika saa moja na dakika kumi." Hapo hakusita. Muda ulikuwa kazi yake.

"Na ajali?"

"Saa moja na dakika kumi na tano."

"Na njia ya baiskeli?"

"Ilikuwa nyeupe," alisema Bwana Saa, akainama kutafuta kitu kisichokuwepo chini ya meza.

*

Mhandisi wa barabara alifika saa nne na nusu, kwa miguu, ramani zimeviringishwa kwapani. Alikuwa kijana mrefu mwenye vumbi la chokaa kwenye kucha, na aliitazama barabara ile kama mzazi aliyeitwa shuleni kwa kosa la mtoto.

"Nionyeshe kazi yako," Inspekta alimwambia. "Nieleze kama mtu asiyejua chochote."

Alimweleza. Katikati, njia ya magari, imebanwa makusudi ili madereva wapunguze mwendo. Kisha ukingo wa zege, kimo cha shubiri mbili, ambao gari dogo haliwezi kuupanda. Ndani ya ukingo, njia ya baiskeli, upana wa mita mbili na nusu. Ndani zaidi, njia ya watembea kwa miguu, halafu mageti ya watu. Ukingo ulikatwa mahali pamoja tu, kwenye kivuko chenye milia, ili mtu avuke bila kuinua mguu na kiti cha magurudumu kipite.

"Na ile?" Inspekta alionyesha mwanzo wa njia. Hapo, katikati kabisa, palisimama nguzo ya chuma ya manjano, kimo cha kiuno.

"Ile ndiyo mlango. Baiskeli inapita kulia au kushoto kwake. Gari halipiti. Kabla ya nguzo watu walikuwa wanaegesha humu ndani kama uwanjani kwao. Watoto wa shule wakalazimika kuingia barabarani. Mmoja akavunjika mguu." Alishusha sauti. "Marehemu ndiye aliyetufuata ofisini miezi minane kudai nguzo. Alikuja na baiskeli, anaiingiza mpaka ndani, mlinzi anapiga kelele. Siku tulipoisimika alileta soda kreti nzima."

Inspekta alitoa kwenye mkoba picha iliyochapishwa kwenye karatasi kubwa. Ilipigwa na mpita njia kwa simu yake, saa moja na dakika ishirini na tatu, kabla polisi hawajafika. Katikati ya picha palikuwa na watu waliochuchumaa na gurudumu la baiskeli lililopinda. Kila mtu aliyeiangalia picha ile kituoni aliangalia hapo. Inspekta aliiangalia hapo siku tatu. Siku ya nne aliangalia pembeni.

"Usitazame watu," alimwambia Mhandisi. "Tazama nyuma yao, chini. Unaona nini kwenye njia ya baiskeli?"

Mhandisi aliikaribia picha. "Pameloa. Panang'aa."

"Pote?"

Mhandisi aliweka kidole. Mbele ya geti la Mama Vikombe, katikati ya lami iliyong'aa kwa mvua, palikuwa na umbo moja lisilong'aa. Refu, lenye pembe nne, kavu kabisa.

"Kuna kitu kilisimama hapa wakati mvua inanyesha," alisema polepole. "Na kikaondoka baada ya mvua."

"Kikubwa kiasi gani?"

"Mawe ya ukingo ni mita moja moja." Akahesabu kwenye picha, kisha akaenda kuhesabu kwenye ukingo wenyewe, akigusa kila jiwe kwa kiatu. "Sita na nusu. Na upana… karibu njia nzima. Si gari dogo hili, afande. Hili ni lori."

"Na hapa nyuma yake, upande wa geti? Alama kama ulimi."

"Maji. Lakini hayo hayakuanguka toka juu. Yamemwagika."

"Sasa niambie. Lori lenye mita sita na nusu, linalomwaga maji nyuma, liliingiaje kwenye mlango ambao haupitishi gari?"

Mhandisi alikwenda kwenye nguzo, akapiga goti. Inspekta akachuchumaa kando yake. Nguzo ilikaa juu ya sahani ya chuma iliyofungwa ardhini kwa nati nne.

"Nati za pembe tano," Mhandisi alisema. "Tuliziagiza makusudi. Spana ya kawaida haizishiki, inateleza. Spana yake ni moja, iko kabatini ofisini, na ufunguo wa kabati ninao mimi. Hata juzi niliiona." Alishika nati ya kwanza kwa vidole ili aonyeshe jinsi zilivyokaza.

Nati ikazunguka.

Akaiachia kama iliyomuunguza. Akajaribu ya pili. Nayo ikazunguka. Zote nne zilikuwa zimekazwa kwa mkono mtupu.

Inspekta alipitisha leso kwenye nyuzi za boliti, akaitazama. Leso ilitoka na weusi mzito unaonata. Akainusa.

"Hii si kutu."

"Ni grisi," Mhandisi alisema. "Hatukuweka grisi sisi."

"Grisi ya mnyororo wa baiskeli." Aliikunja leso, akaitia kwenye bahasha. "Nati zimefunguliwa mara nyingi, pembe zake zimeng'aa, na hakuna hata moja iliyochubuka. Aliyezifungua hakutumia nguvu. Alikuwa na spana yake inayozitosha, na alizipaka grisi ili zisikwame. Kazi ya fundi anayejiheshimu. Lakini aliyezifunga mara ya mwisho hakuwa na spana." Alisimama, akaizunguka nguzo. "Na huu utepe unaong'aa, unatakiwa utazame wapi?"

"Huko yanakotoka magari. Dereva auone kwa mbali." Mhandisi aliuangalia, akakunja uso. "Huu unatazama nyumba. Nguzo imewekwa nyuma mbele."

"Mhandisi, ulipochora barabara hii ulihesabu nini na nini?"

"Kila kitu. Siku kumi na nane nilikaa pale kwenye kona. Baiskeli, waenda kwa miguu, mikokoteni, viti vya magurudumu, kina mama wenye mizigo kichwani."

"Lori la maji?"

"La nini? Mtaa huu una bomba."

Kutoka kwenye kibaraza, bila kualikwa, sauti ya Mama Vikombe ikaruka ua: "Bomba lina upepo, baba! Fungua usikie linavyopiga mluzi! Tangu mlipochimba kuweka ukingo wenu, mwaka wa pili huu, hatujaona tone!"

Mhandisi alisimama na ramani zake.

"Ilikuja barua," alisema, na alimwambia Inspekta peke yake. "Ya mkono, mwandiko mzuri. Waliomba lori la maji lipatiwe pa kusimama. Wakaomba lisimame humu, saa chache, mara moja kwa wiki. Nilijibu kwamba njia ya baiskeli haiwezi kuwa kituo cha malori."

"Jibu lilikuwa sahihi?"

"Lilikuwa sahihi."

"Na maji?"

Mhandisi akaanza kuviringisha ramani ambayo ilikuwa imeshaviringishwa.

*

Saa tano na robo. Inspekta alipanda kibaraza cha Bwana Saa, akaketi kwenye kigoda cha wateja. Juu ya meza, saa kumi na tatu zilikuwa zimefunguliwa matumbo, na kila moja ilisema wakati wake. Mama Vikombe alikuja nyuma yake bila kuitwa, akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Sina maswali mengi," Inspekta alisema. "Bwana Saa, wewe ni mtu wa vitu vidogo. Kutoka hapo ulipo, hebu itazame ile nguzo. Utepe wake unatazama wapi?"

Bwana Saa alivua kioo cha jichoni. Aliitazama nguzo. Siku nne alikuwa amekaa mkabala nayo, na ilionekana wazi kwamba siku zote nne hakuwahi kuinua macho upande ule.

"Nimeiweka kinyume," alisema.

"We baba!" Mama Vikombe akafoka.

"Niache, mama. Nimeiweka kinyume. Mikono ilikuwa inanitetemeka." Aliiweka juu ya meza ile mikono inayopanga meno ya saa kwa kibano, kama ya mtu mwingine. "Miaka thelathini sijawahi kurudisha kitu kinyume."

"Anza mwanzo."

Alianza mwanzo. Kila Ijumaa alfajiri, Fundi Spoku alifungua nguzo. Lori la maji liliingia, likasimama geti kwa geti, mpira ukapitishwa uani, matangi ya nyumba tisa yakajazwa. Saa moja kamili lori lilitoka. Nguzo ilirudi. Saa moja na nusu watoto wa shule wakapita na baiskeli zao, na mlango wao ulikuwa umefungwa kama kawaida.

"Hakukubali mara moja," Mama Vikombe alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Tulimbembeleza wiki tatu. Mimi ndiye kiongozi wa kumbembeleza, usimwandike mwingine. Nilimwambia, shemeji, wewe uliyeileta nguzo ndiye uliyetufungia maji. Kuna bibi pale nyumba ya mwisho anabeba ndoo na mgongo wake ule. Akasema sawa, lakini nguzo inarudi kabla ya watoto, hata kama tangi lako halijajaa. Hata dakika moja hakuongeza."

"Na Ijumaa?"

"Mvua," alisema Bwana Saa. "Dereva wa lori alikataa kupandisha mpira darini kwenye mvua, anateleza. Ikafika saa moja hatujafika hata nusu. Fundi alikuwa amekwenda kupeleka gurudumu la mteja, akajua akirudi anakuta njia tupu. Akarudi akakuta lori limejaa njiani."

"Hakuweza kushuka, akapita na baiskeli yake kwenye njia ya miguu?"

Bwana Saa alitazama mlangoni. Inspekta akamgeukia Mama Vikombe.

"Vikombe mia mbili," alisema.

Mama Vikombe alijifuta uso kwa upindo wa nguo. "Nilikuwa na shughuli Jumamosi. Mabeseni ya vikombe yalikuwa saba. Nimeyapanga pale kwenye njia ya miguu, ukutani mpaka kwenye lori, yanangoja maji. Mtu angeruka kama mbuzi ndio apite. Alinipungia mkono. Akaniambia, 'Mama Vikombe, saa!' Ananionyesha mkono, hapa, pa saa. Akapinda kwenye mwanya wa kivuko. Alikuwa anawahi nguzo, afande. Alikuwa anawahi watoto."

Inspekta aliandika. Kalamu ilisikika.

"Lori lilikwenda wapi?"

"Tulimwambia atoke, gari la wagonjwa lipite," Bwana Saa alisema. "Hatukuwa na nia nyingine, haki ya Mungu. Akatoka kinyumenyume. Na mimi nikaiona nguzo imelala kando ya ukingo, na saa kwenye mkono wangu inasema moja na dakika kumi na saba, na watoto wanakuja saa moja na nusu. Nikairudisha. Fundi angetaka irudi. Spana sikuiona, nikakaza kwa vidole. Kisha mwenzako akaja na daftari. Akauliza: kulikuwa na kitu njiani? Nikatazama, njia nyeupe. Nikasema njia ni nyeupe. Aliyefuata akasikia nilivyosema. Naye akasema."

"Nyeupe saa ile, au nyeupe saa ya ajali?"

"Hakuuliza saa."

"Wewe, Bwana Saa, unangoja kuulizwa saa?"

Hilo lilimwingia. Aliinamisha kichwa juu ya saa zake.

"Tungesema nini?" Mama Vikombe aliuliza, na safari hii hakufoka. "Kwamba mtu aliyelilia nguzo miezi minane ndiye aliyekuwa anaing'oa? Mjane yule abaki na nini? Na yule binti, tukasema, ana baba, ana kazi, atatafuta wakili, atatoka."

Inspekta alielekeza kidole ng'ambo ya barabara, kwenye kiti cha mbao.

"Baba yake ni yule," alisema. "Wakili wake ni yule."

*

Nyumba ya Fundi Spoku ilikuwa imejaa. Wanawake walikaa kwenye mikeka ukumbini, watoto walipita katikati ya miguu, jikoni sufuria kubwa zilikuwa mekoni na mtu alikuwa anabishana na mtu kuhusu chumvi. Kwenye korido baiskeli tano za wateja ziliegemea ukuta, kila moja na kipande cha karatasi kwenye usukani: jina na siku ya kuichukua. Siku zote zilikuwa zimepita.

Mjane alimkaribisha chumbani, akafunga mlango. Alikuwa mwanamke mwembamba, mnyoofu. Alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Nina karatasi ya vitu vilivyokutwa kwa mumeo," Inspekta alisema. "Pampu. Viraka sita. Chupa ya gundi. Bisibisi mbili. Kitambaa cha grisi. Fundi anayewahi kurudisha nguzo hana spana ya nguzo. Mtu wa kwanza kumfikia alikuwa wewe, dada."

Mjane alimtazama. Kisha, bila haraka, alifungua fundo kwenye ncha ya mtandio wake, akatoa kitu, akakiweka kitandani kati yao.

Kilikuwa chuma kifupi, kizito, kilichokuwa mkono wa pedeli. Upande mmoja kilichongwa tundu la pembe tano, safi, pembe zote sawasawa. Inspekta aliweza kuona mistari ya tupa.

"Aliichonga usiku nne," mjane alisema. "Kila usiku anatoka kwenda kujaribu, hailingani, anarudi. Usiku wa nne akarudi anacheka. Kisha akaacha kucheka. Akaniambia, 'Leo nimekuwa mwizi wa nguzo yangu.'"

"Ulimwambia askari hakutoka kwenye njia yake."

"Nilisema hivyo. Mara tatu. Na hakutoka, kwa nafsi yake hakutoka. Mwenzako akaandika. Hakuniuliza kama njia ilikuwepo."

"Leo nakuuliza."

Nje, ukumbini, mtu alianza kuimba kwa sauti ya chini, wengine wakamfuata. Mjane alisikiliza mpaka wakamaliza ubeti.

"Ukiandika, watasema aliyeomba nguzo ndiye aliyeitoa, ikamuua."

"Wapo watakaosema."

"Na usipoandika?"

"Saa tisa naandika kwamba muuguzi alisinzia. Hakusinzia, dada. Nimepima. Alikanyaga breki kabla hajamfikia. Aliyesinzia hakanyagi."

Mjane aliichukua spana, akaifuta kwa kidole gumba, akaiweka mkononi mwa Inspekta na kumfumba vidole juu yake.

"Andika. Lakini usiandike nusu. Andika kwamba aliitoa, na andika kwamba aliirudisha. Ijumaa thelathini na nne aliirudisha, na utepe wake unatazama magari. Andika na barua aliyowapelekea, na jibu walilompa. Nakala ninayo."

"Nitaandika yote."

"Soma hapa hapa nisikie."

Inspekta aliandika kwenye goti lake, kurasa mbili na nusu, na akasoma. Mjane alimsahihisha mahali pamoja: mumewe hakuwa "mkazi aliyetoa nguzo bila kibali" tu, alikuwa "mkazi aliyeomba kibali akanyimwa". Inspekta akalikata neno, akaandika lingine. Mjane akatia saini. Saa sita na dakika ishirini.

Walipotoka getini, Mhandisi alikuwa ng'ambo ya barabara, amepiga magoti, chokaa mkononi. Alikuwa amechora mstatili mrefu pembeni mwa njia ya magari, mahali ambapo kwa kawaida yaliegeshwa magari mawili. Mita saba. Kutoka hapo alivuta mstari mwembamba, ukakatiza barabara, ukingo na njia ya baiskeli, mpaka ukutani kwa Mama Vikombe.

"Lori linasimama hapa," alimwambia Inspekta bila kuinuka. "Bomba moja linapita chini, lina mdomo huku na mdomo kule. Hakuna anayegusa nguzo." Alifuta jasho, akabaki na chokaa kwenye paji la uso. "Ni kazi ya siku mbili, afande. Siku mbili tu."

Bwana Saa alikuwa kwenye nguzo, ameinama. Alikuwa ameigeuza. Inspekta alikuwa amempa spana kwa dakika chache, kabla ya kuitia kwenye bahasha ya ushahidi, na akasimama juu yake akimtazama anavyokaza: nati ya kwanza, ya tatu, ya pili, ya nne. Utepe ulitazama magari. Bwana Saa akajinyoosha, akarudi nyuma hatua tatu, akahakikisha.

Mjane hakusimama kuangalia. Alikwenda mpaka kwenye mwanya wa kivuko, mahali penyewe, akasubiri. Baiskeli moja ilikuwa inakuja kwenye njia, msichana na mkoba wa shule mgongoni. Ikampita. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Gari moja lilisimama. Akavuka.

Mzee wa kofia alipomwona anakuja aliinuka kitini haraka mno, kofia ikadondoka. Hakuiokota.

"Mama," alisema, "sikuja kuomba kitu. Nilikuja tu kusema—"

"Najua ulichokuja kusema, baba." Mjane aliinama, akaiokota kofia, akaipangusa vumbi, akampa. "Mwanao atatoka. Huyu afande anakwenda sasa hivi na karatasi. Sisi tumechelewa kuzungumza, utusamehe."

Mzee aliibana kofia kifuani. Machozi yalishuka kwenye ndevu.

"Umekula tangu jana?"

Alitikisa kichwa.

Mjane alimshika mkono, wakavuka pamoja, polepole, kwa sababu magoti ya mzee yalikuwa yamekakamaa kwa kukaa. Getini waliokuwa wamemzuia walisogea. Mama Vikombe alikuwa hapo tayari, beseni moja mkononi, birika mkono wa pili, na juu ya bega amelaza taulo safi. Hakumwangalia mzee usoni. Alilitazama beseni.

"Maji haya ni ya tangi langu," alisema. "Leta mikono, baba."

Akammiminia, bila kuyabana, mpaka vumbi lote la ukingo likatoka vidoleni.

"Haya," mjane alisema, akimwachia mlango. "Karibu ndani. Tulikuwa tunakungoja, tule."